Mkaratusi umekauka, na vuli bado

Kuni zangu za mkaratusi zimekauka! Kipande cha alama, kile ninachokipima kwenye mzani, kimesoma kilo 3.9, na hakijapungua tena tangu wiki iliyopita. Kilianza kikiwa na kilo 6.2. Vuli ije tu.

Waliowahi kuhangaika na mkaratusi hawana haja ya kusimuliwa. Ule mti ni mwongo. Gome linabanduka, ncha zinapasuka nyufa nzuri kama za kuni kavu, ukigonga vipande viwili vinalia ko! ko! Ukivipeleka mafigani ndani ya muda mfupi unaona kwenye ncha povu jeupe linachemka, linadondoka jivuni, tsss, na moshi unajaa jiko zima. Mama yangu anayapika maharage huku amefumba jicho moja. "Mwanangu, hizi kuni bado zina maji." Na zilikuwa zimekaa upenuni kiangazi karibu chote!

Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Jua la Mwanza la Julai tunalijua, mvua hakuna, sasa maji yanabaki vipi ndani? Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji, na maji hayo yanapita kwenye vijibomba vilevile vilivyokuwa vikiyapandisha kutoka mizizini. Yanatoka upesi kwenye ncha, ubavuni yanatoka kwa shida, na penye gome ni kama mlango umefungwa. Gogo refu la mviringo lenye gome lake linaweza kulala juani hadi mwakani, moyo wake ukabaki mbichi.

Kwa hiyo nikaacha kubahatisha, nikatafuta mzani wa kuning'iniza, ule wa kupimia sangara mwaloni. Hicho ndicho chombo bora kuliko vyote katika kazi hii, na ninashangaa wachanja kuni wengi hawana habari nacho. Kuni ikikauka inapungua uzito. Ikiacha kupungua, imemaliza. Basi. Nikapaka rangi vipande vya alama: kimoja cha mviringo na gome lake, kingine kimekatwa sentimita 30, kikapasuliwa katikati ya moyo na kumenywa. Cha gome kilianza na kilo 6.0, na leo kiko 5.3. Kilichomenywa ndicho hicho cha 3.9. Muda ni uleule, jua ni lilelile.

Mpango wangu ulikuwa kujenga kichanja cha nguzo na mabati, misumari nilishanunua. Halafu jioni moja nikaegemea mwamba ulioko nyuma ya nyumba, jua limezama kitambo, na jiwe bado linachoma mgongo. Nani ajenge kichanja wakati Mungu ametupa miamba mji mzima? Kuni zote nikazihamishia juu. Mchana upepo unatoka ziwani, usiku unageuka kutoka nchi kavu kwenda majini, na pale juu hakuna ukuta wa kuuzuia. Nimezipanga safu mojamoja, mapengo ya kupitisha mkono, ncha zikitazama ziwa. Mchwa nao wakitaka kupanda lazima wajenge njia yao ya udongo juu ya jiwe tupu. Naiona asubuhi, naikwangua kwa panga. Juu nimeweka mabati na mawe ya kuyashikilia, pembeni nimeacha wazi. Turubai la kufunika gubigubi sitaki hata kulisikia, linatoa jasho kwa ndani.

Kuhusu kupasua: mkaratusi uchanjwe mbichi. Ukikauka, zile nyuzi zake zilizojisokota zinang'ang'ania shoka hadi unatamani kulia. Chenso nakodi kwa kukata vipande tu. Kupasua ni shoka zito lenye kichwa kinene, mpini wa mpera, na kabari mbili ambazo mhunzi alinifulia kutokana na springi ya gari. Shoka jembamba la kufyekea linazama na kukwama, libaki huko huko kwenye matawi.

Gesi ninayo, ni ya chai na mboga. Kuni ni za maharage, makande na maji ya kuoga. Nchi imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia, nami nalitaka kwa moyo wote. Lakini maadamu leo mama zetu bado wako mbele ya mafiga, kuwapa kuni mbichi ni kuwaumiza macho na mapafu. Jana maharage yameiva na ukuta wa jiko nauona mwanzo hadi mwisho.

Zile nguzo za kichanja ni mjohoro. Nimezikata vipande asubuhi hii, nimepima cha alama: kilo 7.1. Kesho naanza kumenya.