Karatasi Iliyolowa Lukaya

Jioni ya tarehe 10 Machi 1979 nilikuwa na jeshi letu la Tanzania huko Lukaya, Uganda, mbele ya Masaka, nimebeba mgongoni simu ya upepo ambayo kwa miezi kadhaa niliikinga na maji kuliko nilivyoukinga mwili wangu. Roketi za Walibya waliokuja kumsaidia Idi Amin nyingi zilipita juu ya vichwa vyetu na kuangukia mbali nyuma, lakini mlio wake ulitosha, maana wengi wetu hatukuwahi kuusikia, na giza lilipoingia tulikuwa tumetawanyika ndani ya mafunjo ya kinamasi. Redio haikulowa. Kilicholowa ni karatasi ya alama za siri, niliyoitia kwa uzembe katika mfuko wa suruali.

Jeshi la Amin nalo lilitumia Kiswahili, kwa hiyo kusema hewani kwa maneno ya wazi kulikuwa sawa na kumpelekea adui barua. Niliita, nikajibiwa kwa mafungu ya tarakimu ambayo sikuweza kuyafumbua hata moja.

Sauti ile, hata hivyo, niliitambua: alikuwa kijana tuliyesoma naye kozi, Msukuma kama mimi. Kanuni zilikataza, nami nilizijua barabara. Nikabonyeza kitufe, nikamwambia kwa Kisukuma kwamba karatasi imeharibika. Akanyamaza, na ukimya ule ulinitisha kuliko roketi. Kisha akaniambia, kwa lugha ile ile na bila kutaja mahali wala kikosi, kwamba ndugu zetu wa upande wa pili wamegeuzwa na watampiga adui ubavuni kukipambazuka, nasi tujikusanye, tusirudi nyuma zaidi. Nilielewa kuwa ni brigedi yetu ya 208. Nikampa afande habari hiyo. Usiku ule hakuuliza nimeipataje.

Alfajiri ya tarehe 11 milio ya bunduki ilisikika kutoka kaskazini magharibi. Mwenzangu akarudi hewani: “Mwangaluka.” Nikaitikia salamu kwa sauti, nimesahau kwamba afande amechuchumaa kando yangu.

“Lugha gani hiyo?”

“Kisukuma, afande.”

Alinikaripia vikali, na alikuwa na haki. Alipomaliza, aliivua ramani yake kutoka kwenye mfuko wa nailoni, akanirushia ule mfuko, akasema karatasi mpya ikiletwa nisiitie tena katika suruali.