Pesa zinazosahaulika kabla ya kununua nyumba ya kwanza Kenya

Wengi huweka akiba ya 10% ya bei wakidhani wako tayari. Chukua nyumba ya milioni 5 mjini. Tuseme benki inakopesha 90%. Lakini benki hutuma mthamini wake. Akisema nyumba ina thamani ya milioni 4.4, mkopo unakuwa milioni 3.96. Pengo si laki tano tena, ni 1,040,000, na muuzaji hatakungoja.

Juu yake kuna ushuru wa stempu, yaani kodi ya kuhamisha umiliki: 4% mjini, 2% mashambani. Hapo ni shilingi 200,000, na mthamini wa serikali akiipa nyumba thamani kubwa kuliko bei mliyoandikiana, unalipia hiyo kubwa. Bado wakili wako, wakili wa benki (ndiyo, anayemlipa ni wewe) na ada za uthamini.

Usilipe hata amana kabla ya upekuzi rasmi wa hatimiliki kwenye sajili ya ardhi. Kwenye majibu yake, soma sehemu ya vikwazo: rehani ambayo haijafutwa, zuio la mahakama, tahadhari (notisi ya anayedai haki kwenye mali) iliyowekwa na ndugu. Linganisha jina na kitambulisho cha muuzaji, herufi kwa herufi. Kama ana mke au mume, idhini ya maandishi ni lazima. Bila hiyo mauzo yanaweza kubatilishwa.

Amana ikae kwa wakili, kamwe isiende mfukoni mwa muuzaji. Mkataba kwa kawaida hutoa siku 90 za kukamilisha, na mikopo huchelewa, kwa hiyo omba kifungu cha kuongeza muda kabla hujatia sahihi.