Siku Moja Maishani Mwangu: Mikate 24 ya Soda Kabla ya Saa Tatu

Kwanza tuelewane: mkate wa soda hauna Fanta. Mama yangu nimemweleza mara tatu kwenye simu, na bado huko Tanga anawasimulia mashoga zake kwamba mwanawe yuko Ireland anakandia mikate soda. Soda yenyewe ni baikaboneti, ile bekingi soda ya koponi, wala si magadi ya kulainishia maharage. Ukiwa nayo, ongeza unga wa ngano, chumvi na mtindi mwepesi, ule unaobaki siagi ikishatolewa. Basi. Naoka nyumbani kwangu, mji mdogo wa Kaunti ya Cork, na kila Jumamosi napeleka sokoni. Siku ninayoisimulia ni Machi 16, 2024: kesho yake ni sikukuu ya Mtakatifu Patrick, mtakatifu mlinzi wa Ireland, na sisi tumo wiki ya kwanza ya Ramadhani.

Saa 9 usiku niko jikoni. Nje giza na manyunyu. Kilo 11 za unga nimeshazipima mafungu ya gramu 450, lita 10 za mtindi ziko mezani, oveni inapanda kwenda digrii 230.

Watu huniuliza: mkate usiokandwa, usio na hamira, kazi iko wapi? Kazi iko hapo hapo. Mkate wa hamira una subira, unaumuka wewe umelala. Huu hausubiri mtu. Mtindi ukigusana na baikaboneti gesi inaanza kutoka papo hapo, na usipouwahisha motoni unapata tofali. Kwa hiyo hakuna cha kuchanganya jioni. Oveni yangu inabeba minne. Mikate 24 ni mizunguko sita ya dakika 45, na kila mzunguko nauchanganya upya wakati uliotangulia unakaribia kutoka.

Mkono nilifundishwa na bibi jirani, ambaye ameshapita themanini. Vidole vinakakamaa kama kucha za mwewe, unazungusha bakulini mara chache, unaacha. Mimi nimekulia kwenye kukanda chapati mpaka jasho; mwezi wa kwanza alikuwa ananipiga kijikofi kila nikizidisha. Ngano ya kwao ni laini, gluteni yake, ule mnato wa unga, ni haba, haielewani sana na hamira, ndiyo maana baikaboneti ilipoingia miaka ya 1830 ilipata makao. Utotoni mwake waliokea kwenye sufuria nzito ya chuma, bastible, juu ya moto wa mboji iliyokaushwa, na makaa mengine yakapangwa juu ya kifuniko. Aliponieleza nilicheka: kumbe na nyinyi mnapalia! Mama yangu mkate wa kumimina aliuoka vivyo hivyo.

Mwisho unakatwa msalaba wa kina, joto lifike katikati. Bibi anasema ni mlango wa kutokea vibwengo. Mimi nakata nikisema Bismillahi. Kila mtu na vibwengo vyake.

Saa 10 na nusu, daku: kiporo cha wali, nimesimama. Kuanzia hapo nyumba nzima inanukia mkate na mimi sionji hata chembe. Naupindua, naugonga tumboni. Ukilia kama ngoma, umeiva.

Saa 3 asubuhi meza iko tayari. Watalii wawili wa Marekani wanataka wenye zabibu na kisibiti. Sina. Hata hivyo wananunua. Inafika saa 4, nimeshauza tisa.

Ndipo akaja mama mmoja wa makamo, koti la mvua la kijani, akafungua kitambaa mezani kwangu. Nusu mkate.

"Huu wa Jumamosi iliyopita, mpenzi. Una ladha ya sabuni."

Nikamweleza kwa upole kwamba mkate huu uzuri wake ni siku ile ile, kesho yake ubanike, keshokutwa wape ndege. Akasema aliutia friza siku ile ile. Haya. "Onja basi," akasema. Nikamwambia nimefunga, sili mpaka jua lizame.

"Hata kipande?"

"Hata maji."

"Hata maji!" akamgeukia mzee wa nyuma yake kwenye foleni. "Hata maji, umesikia?"

Foleni imefika watu saba. Akaanza habari za mama yake, aliyeoka kila siku ya Mungu kwa watoto wanane na hakuna aliyewahi kutaja sabuni. Akaingia bei: yuro 4 kwa unga na maziwa! Muuza jibini wa meza ya pili akawa anaangalia mawingu. Nikasema dada, nitakupa mwingine. Hapana, yeye hakuja kuomba, amekuja kunisaidia. Akachukua kisu changu, kisu changu mwenyewe, akakata ule mkate vipande vidogo akagawia foleni nzima. Wakatafuna. Wakatazamana. Mzuri, wakasema, hauna neno, mzuri kabisa. Dakika ishirini zimekwenda, na wawili wakaondoka bila kununua. Nikamtia mkate mpya mkononi, bure, ili mradi aende. Akaenda, masalio yake akaniachia.

Iliyobaki iliisha saa ngapi sijui. Mvua ilinyesha, miguu ikafa ganzi, nikarudi, nikaosha trei, nikajilaza bila kulala.

Jua lilizama saa 12 na nusu imeshapita. Tende, maji. Nikatafuta mkate nyumbani mwa muoka mikate, hakuna, nimeuza wote. Upo ule wa yule mama. Nikabanika kipande, nikapaka siagi, nikauma.

Sabuni.

Nikakisogeza kwenye taa. Madoa ya manjano, madogo kama punje za mtama. Jumamosi ile nilichelewa, baikaboneti nikaitia bila kuichekecha. Nikakimaliza, njaa haichagui. Kinachonisumbua mpaka sasa ni ile foleni: watu saba waliutafuna, na hakuna hata mmoja aliyesema.