Kabla Sanduku Halijafungwa

Muhula wa kwanza unakaribia, na pale soko la Owino, Kampala, masanduku ya bati yamepangwa hadi njiani. Orodha ya shule inataja beseni, ndala, sabuni ya mche, shuka jozi mbili, hata fagio. Kuhusu mwili wa mvulana anayeingia Senior One, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari, hakuna hata mstari. Binti wa Kiganda ana ssenga wake, shangazi wa kumweleza mambo ya utu uzima. Mvulana huachiwa bweni, na bweni hufundisha kwa kicheko.

Kubalehe kwa wavulana huanza popote kati ya miaka 9 na 14. Dalili ya kwanza ni korodani kukua. Ndevu huja mwishoni. Ndiyo maana wanafunzi wawili wa umri mmoja huweza kuonekana kama baba na mwanawe, na wote ni wazima. Aliyetimiza 14 bila dalili yoyote apelekwe kwa daktari.

Sauti ndiyo inayochekesha wengi. Kikoromeo kinapanuka, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, lakini misuli inayoziendesha bado haijazizoea. Kijana anamwomba mwalimu ruhusa kwa besi, sentensi inaishia kwa mlio wa kifaranga. Hali hiyo hudumu miezi kadhaa, pengine mwaka. Tangawizi haitibu, kwa sababu hakuna ugonjwa. Wa kwaya aendelee kuimba, ila asilazimishwe kupanda juu.

Kinachowanyima usingizi zaidi hakisemwi kabisa: uvimbe mgumu nyuma ya chuchu, wakati mwingine upande mmoja tu, unaouma hata shati likigusa. Wengine huamini wanageuka wasichana, maskini. Karibu nusu ya wavulana huupata, homoni zinapokuwa hazijapata mizani, na kwa kawaida huisha kati ya miezi 6 na miaka 2. Kuuminya huzidisha maumivu. Chuchu ikitoa majimaji au damu, hilo ni la hospitali.

Jasho la kwapa halinuki linapotoka. Hunuka bakteria wanapolila. Kwa hiyo anayepulizia manukato juu ya jasho la jana anapata harufu mbili. Kwapa lioshwe kwa sabuni, likaushwe kabisa, ndipo dawa ya kwapa ipakwe, ikiwezekana usiku. Limau liachwe, linachoma ngozi. Na shati lisuguliwe pale kwapani kisha lianikwe juani, maana bakteria hubaki kwenye kitambaa.

Shuka zile jozi mbili zina kazi yake. Ndoto nyevu hazizuiliki, na doa lake huoshwa kwa maji baridi. Maji ya moto huligandisha. Uume ukisimama darasani bila sababu, akae, aweke daftari mapajani, asubiri dakika chache. Mwalimu mwenye busara hamwiti ubaoni kwa nguvu.

Wembe hauazimwi, kwa ajili ya homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI. Anyoe baada ya kuoga, akifuata nywele zinakolala, bila kuvuta ngozi. Nywele za kujikunja zikikatwa chini mno hurudi ndani na kuleta vipele.

Jambo moja halina mzaha. Korodani ikianza kuuma vikali ghafla, mara nyingi pamoja na kichefuchefu, huenda imejisokota na kukatiwa damu. Nafasi nzuri ya kuiokoa ni ndani ya saa 6 hivi. Mvulana, kwa haya, humwambia matroni kwamba ni tumbo, anapewa dawa ya maumivu, usiku unapita. Afundishwe kulitaja kwa jina: “Matroni, korodani inaniuma sana, imeanza ghafla.” Na apelekwe moja kwa moja penye chumba cha upasuaji, kituo cha afya cha ngazi ya III hakina.