Vidonge Ishirini

Jumatatu ile ya mwaka 2018 ndiyo tuliyoanza kutumia mfumo wa kompyuta katika hospitali ya wilaya nilikokuwa mteknolojia dawa, mtoa dawa wa dirishani. Daktari angeandika dawa akiwa chumbani kwake, nami ningeiona dirishani papo hapo. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kwa hamu. Nimewahi kusimama na cheti mkononi nisijue kama neno lililoandikwa ni karbamazepini ya kifafa au kabimazoli ya tezi, na mgonjwa ananitazama.

Saa nne hivi akaja mama mmoja, mtoto wa mwaka mmoja na nusu yuko mgongoni, anapumua harakaharaka. Hakuja kuchukua dawa. Alikuja kuuliza njia.

"Samahani kaka, duka la dawa la karibu liko upande gani?"

Alikuwa na kikaratasi. Amoksilini ya kuyeyusha, miligramu 250, viwili asubuhi, viwili jioni, siku tano: vidonge 20. Chini yake daktari ameandika: akanunue nje.

Nikageuka nyuma. Dawa hiyohiyo ilikuwa rafuni, maboksi yamepangwa hadi usawa wa bega langu. Mtoto chini ya miaka mitano, ambaye kwa sera ya nchi anatibiwa bila malipo, anapelekwa dukani, na mama yake ameshaikunja noti ya elfu mbili kiganjani.

"Mama, usiende popote. Kaa hapo kwenye benchi."

Nikafungua kompyuta. Amoksilini ya kuyeyusha: zimebaki 18. Nilishangaa, kisha nikaelewa. Asubuhi tulikuwa na maboksi 28, kila boksi vidonge 100. Aliyeingiza hesabu alipewa leja ya stoo, na stoo huandika maboksi na makopo, kwa sababu ndivyo mzigo unavyotoka Bohari ya Dawa. Dirishani sisi tunatoa vidonge. Mtoto mmoja ambaye hajafikisha mwaka alishapewa vidonge 10, mfumo ukatoa 10 kwenye 28. Daktari alipoomba 20, ukamjibu hazitoshi. Akafanya alichoweza: akachukua karatasi.

Sikumlaumu daktari wala kijana wa TEHAMA aliyeingiza hesabu. Kilichoniuma, na kinaniuma hadi leo, ni kwamba wiki zote za maandalizi hakuna aliyetuita sisi wa dirishani. Madaktari waliitwa, wahasibu waliitwa, mapokezi waliitwa. Famasi tuliletewa kompyuta na nywila. Lakini orodha ya dawa ndiyo anayoitegemea kila daktari anapoandika, na anayejua dawa inaingia kwa boksi na kutoka kwa kidonge ni mtu wa famasi.

Nikahesabu vidonge 20, nikaviandika kwenye daftari la zamani. Dozi ya kwanza nilimyeyushia mama palepale: vidonge viwili kwenye kijiko, maji safi kidogo, nikasubiri vimomonyoke hadi pasibaki punje. Mtoto alikunja uso, akameza. Mama akairudisha noti kwenye pindo la khanga, akafunga fundo.

Mchana nilikwenda kwa mfamasia wetu, nikamweleza. Hakubishana nami. Akampigia simu kijana wa TEHAMA, na jioni wagonjwa walipokwisha tukajifungia watatu. Mfamasia anasoma leja, mimi nahesabu rafuni, kijana anarekebisha. Parasetamoli ilikuwa imeingizwa kwa makopo ya vidonge 1,000. Sindano zimeingizwa kwa boksi, wakati wodini zinaombwa kichupa kimojakimoja. Kijana wa watu alikuwa msikivu. Kila dawa aliuliza mgonjwa huondoka na nini mkononi, ndipo akaandika.

Saa tano usiku tukafika mwisho wa orodha, kwenye zinki ya watoto wanaoharisha, miligramu 20.

"Hii nayo iko kwa boksi," akasema. "Niweke nini?"

"Kidonge," nikamjibu, nikapanda kiti kuzihesabu.