Binti yangu hajakaa darasani: tulivyoanza na ukaribu

Nikiulizwa tumewezaje kumlea binti yetu bila shule, watu hutaka nianze na kusoma na kuhesabu. Mimi huanza na kilio cha mtoto mchanga, maana kwetu kazi ilianzia hapo. Akilia, nilimchukua. Usiku alilala kwenye kitanda chake kando ya changu, nikinyoosha mkono nampata, chali juu ya godoro gumu lisilo na mito. Kuwa karibu hakulazimishi mtoto alale katikati ya watu wazima.

Niliambiwa namdekeza. Kilichonitia moyo ni kazi ya mwanasaikolojia Mary Ainsworth. Alifika Uganda mwaka 1954, akawa anawatembelea akina mama na watoto wao majumbani, katika vijiji vya karibu na Kampala. Aliona mtoto anayetambaa anavyomwacha mama yake, anakwenda kuchunguza kitu, anageuka kuhakikisha mama bado yupo, kisha anasonga mbele zaidi. Baadaye, yeye na Silvia Bell walifuatilia familia za Baltimore, Marekani, na mwaka 1972 wakaeleza kwamba watoto walioitikiwa haraka katika miezi ya mwanzo walilia kidogo kuliko wengine kuelekea mwisho wa mwaka wao wa kwanza. Mtoto aliye na uhakika na mtu wake ndiye anayethubutu kwenda mbali. Sikuona kwa nini ukweli huo ukome siku anapofikisha umri wa kuanza darasa la kwanza.

Upole nao hueleweka vibaya. Siku moja binti yangu alimpiga mdogo wake kwa sababu ya penseli, akainua mkono ampige tena. Nilipiga magoti mbele yake, nikaushika mkono usishuke. "Sitakuacha umpige mdogo wako," nilimwambia. "Naona umekasirika sana." Akanipigia kelele, akanisukuma. Baba yao akamchukua mdogo kumbembeleza, mimi nikabaki palepale sakafuni, sikuhubiri, sikumwambia anyamaze. Kelele zikageuka kilio, kilio kikapungua, akaniegemea begani. Hapo ndipo tulipozungumza habari ya penseli na ya mdogo wake aliyeumia. Mpaka ulikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho. Fimbo na matusi ndivyo havikuwepo.

Kuhusu shule, niliathiriwa na John Holt, mwalimu Mmarekani aliyekaa darasani akiwatazama watoto kwa makini. Aliona wengi wao wakilitafuta jibu usoni mwa mwalimu badala ya kulitafuta kwenye swali lenyewe. Hofu ya kukosea ilikuwa imewafundisha kubahatisha. Mwaka 1977 alianzisha jarida la familia ambazo watoto wao hujifunza nje ya shule. Kabla ya kumfuata tulisoma sheria kwanza, na nasisitiza kila mzazi afanye hivyo. Uingereza, kwa mfano, sheria ya elimu ya mwaka 1996 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu, shuleni au kwa njia nyingine. Ujerumani mtoto hulazimika kuhudhuria shule.

Siku zetu zilikwendaje? Nitaeleza asubuhi ya sisimizi. Binti yangu aliukuta msafara wao ukipanda ukuta, akataka kujua wa nyuma wanaijuaje njia. Nilikuwa na jibu, lakini nikamuuliza yeye anadhani nini. Akasema labda wanafuatana kwa macho. Akalowesha kidole, akafuta sehemu ndogo ya ukuta mbele ya msafara. Wa kwanza alipofika pale alisimama, akazunguka, akarudi nyuma. Waliofuata wakarundikana, wakipapasa huku na huku, mpaka mmoja akavuka na njia ikajengeka upya. "Mama, ni harufu!" Alikaa pale hadi jua likawa kali. Siku zilizofuata aliomba nimsomee kila kitu kuhusu sisimizi, akachora, akapima kwa rula, akalinganisha urefu wa njia. Hesabu nyingi alizozijua mapema zilitokana na mambo ya namna hiyo.

Kusoma kulichelewa, na hapo ndipo ndugu waliponibana. Mama mkwe alikuwa akiuliza kwa huzuni ya kweli, "Mwanangu, huyu mjukuu wangu atasoma lini?" Nilimjibu kwa heshima kwamba anasomewa kila siku, macho na masikio yake tumeshayapima na ni mazima, na hana dalili ya kukwama. Nikamfungulia daftari. Kila jioni nilikuwa naandika humo alichouliza mtoto siku hiyo na alichokifanya ili apate jibu. Mama mkwe alilisoma kurasa nyingi, na tangu siku hiyo akawa anamletea maswali yake mwenyewe. Binti yangu alipokaribia miaka tisa alichoka kunisubiri nimalize kazi ndipo nimsomee, akataka nimwonyeshe silabi. Kiswahili kilimrahisishia, kwani kinasomwa kama kinavyoandikwa. Akishika ba, be, bi, bo, bu, mlango uko wazi. Muda si mrefu alikuwa anamsomea mdogo wake.

Gharama kubwa ya njia hii ni muda wa mtu mzima. Mimi na mume wangu tulipanga kazi kwa zamu ili mmoja wetu awepo, na tulikubali kipato kipungue. Mtoto anayeachwa peke yake na simu kutwa nzima, kisha ikasemwa anajifunza kwa uhuru, ametelekezwa. Na mzazi asiyeweza kuwepo mchana akimpata mwalimu mpole, amsogeze mwanawe kwa mwalimu huyo bila kujilaumu. Jioni na asubuhi bado ni zake.

Hivi karibuni binti yangu ameomba mwalimu wa aljebra. Anataka kuelewa milinganyo aliyokutana nayo kwenye kitabu cha nyota, na mimi na baba yake tumefika mwisho wa tunachoweza kumweleza. Tumempata mwalimu. Kabla ya kukubali, binti yangu alimuuliza kama anaruhusiwa kukosea mara nyingi, na mwalimu akamwambia aje na karatasi za kutosha.