Wiki ya tatu Nguuni

Wiki ya tatu sasa mimi na mume wangu tunajitolea kupokea wageni wa mahema pale Nguuni, hifadhi ya wanyama huko Bamburi, Mombasa. Hatulipwi, na sijajuta hata siku moja.

Alfajiri tunaanza na jivu. Kila penye mafiga tunamwaga maji, tunakoroga kwa kijiti, tunamwaga tena, kisha nasogeza mgongo wa mkono kuhisi kama joto limeisha. Jumapili familia moja ilifukia makaa kwa mchanga ikaenda zake. Juu pametulia, kumbe chini moto ungali hai. Mtoto wa wageni wengine akapita pekupeku. Alivyolia, jamani! Tulimtia mguu kwenye ndoo ya maji dakika 20. Babake alitaka kumpaka dawa ya meno, nikamwambia hapana baba, maji tu. Alhamdulillahi, halikutoka hata lengelenge.

Tafadhalini, makaa yazimwe kwa maji. Mchanga unahifadhi joto. Na kaskazi hii nyasi zimekauka, cheche moja yatosha.

Mengine ni madogo: kuonyesha vyoo, kuokota chupa, kuwasihi vijana wapunguze muziki.

Lakini jioni, twiga wakitokea kati ya mikoma, watoto hunyamaza wenyewe. Juzi bibi mmoja wa Kisauni, mzaliwa wa papa hapa Mombasa, aliniambia hajawahi kumuona twiga maishani. Alinishika mkono, tukasimama kimya mpaka giza likaingia.